Kuku wa Mama Sare na Taa ya Mzee Waya

Mama Sare alikuwa amejiapiza kwamba siku ile hatamfokea mtu. Hakuwa hata amekunywa chai. Alitoka na bakuli la pumba, akafungua mlango wa wavu wa banda, na kiapo chenyewe kikaishia hapohapo.

"Tokeni! Tokeni nyie wachawi! Mnamla mwenzenu?"

Kuku walikuwa wamebanana kwenye kona wanamdonoa mmoja wao, na huyo mmoja alikuwa Bosi, yule mwekundu mwenye kifua kipana, anayetaga kuliko wote na anayejua kwamba anataga kuliko wote. Mama Sare aliwatawanya kwa kandambili, akamnyanyua Bosi, akamgeuza akamtazama nyuma.

"Ala! Tena?"

Chini ya mkia, pale pa kutokea yai, kipande cha nyama nyekundu kilikuwa kimechomoza nje, kimevimba, kinang'aa, na damu inachuruzika pale wenzake walipokwisha kuonja. Siku ya kwanza alipokiona alidhani ni utumbo, akapiga yowe mtaa mzima ukasikia. Sasa alikuwa anakijua vizuri. Ni njia yenyewe ya kutagia, imesukumwa nje pamoja na yai kisha ikagoma kurudi. Alikuwa ameirudisha jana kwa mikono yake mwenyewe.

"Imetoka?" Sauti ilitoka mlango wa jikoni. Mumewe alikuwa amesimama hapo na fimbo yake.

"Imetoka, haijatoka, wewe unaona nimeshika nini hapa, chungwa?"

"Nimeuliza tu, Mama Watoto."

"Na mimi nimejibu tu."

Basi siku ikawa imeanza hivyo. Alichemsha maji, akayapooza mpaka yakawa vuguvugu, akatia chumvi, akakaa kwenye kigoda na beseni mbele ya magoti. Bosi akakalishwa ndani ya maji na kuoshwa taratibu, uchafu ukatoka, damu ikatoka. Halafu sukari. Unaipaka juu ya ile nyama, unangoja, uvimbe unanywea. Halafu mafuta kwenye kidole, na kusukuma polepole kwenda ndani, huku moyo unakupiga usije ukapasua kitu. Ikisharudi unaziba kwa kiganja, unasubiri kuku aache kujikamua.

Asikwambie mtu, kuku akiamua kujikamua hana adabu. Mama Sare alisubiri mpaka mkono ukafa ganzi. Nyama ikatulia. Akamweka Bosi chini kwenye gunia safi, akajinyoosha mgongo, akashika chai yake iliyokwisha poa. Bosi akatikisa manyoya, akapiga hatua kwa maringo, akachuchumaa kidogo, na ile nyama ikatoka tena.

"Jamani, mimi nimekukosea nini?" alimuuliza kuku, na kusema kweli alikuwa anataka kujibiwa.

Mtu asiyeijua nyumba ile angesema, kuku ni kuku, mchinje yaishe. Jirani yake alisema hivyohivyo. Alikuwa ameegemea ukuta wa ua, mikono kiunoni, anatafuna kijiti. "Shoga, unajitesa bure. Mtie chunguni. Mchuzi hautoki kizazi." Akacheka peke yake mpaka akashika mbavu. Mama Sare alimtupia jicho, jirani akakumbuka kuna nguo za kuanua.

Lakini Bosi hakuwa kuku tu, na hapo ndipo penye kisa chote.

Mume wa Mama Sare alikuwa fundi umeme. Mtaa wote ulimwita Mzee Waya, na nusu ya nyumba za mtaa ule zilikuwa zimepitiwa na mkono wake. Alikuwa mtu wa kupanda dari huku anaimba, mtu wa kumtania mwenye nyumba mpaka analetewa maji baridi. Asubuhi moja alianguka bafuni, na alipoinuliwa upande wa kulia ulikuwa umekataa. Mkono ukawa mzito, unaning'inia. Mguu unaburutwa. Ulimi ukarudi polepole, lakini hata uliporudi hakuutumia. Hospitali wakamruhusu, akarudi nyumbani, akageuza kiti chake kikatazama ukuta. Ukimsemesha, "Mm." Ukimlisha, anakula. Ukimvalisha, anavalishwa. Mama Sare alifanya yote hayo kati ya oda moja ya sketi za shule na nyingine, maana ndiyo kazi yake, kushona sare, na cherehani kilikuwa barazani, akiita "Mzee, unataka chai?" na kujijibu mwenyewe.

Halafu siku moja, bila kugeuza kichwa, mzee alisema, "Nipe koleo."

Alitaka kufunga taa kwenye banda la kuku. Kuku walikuwa wachanga bado, hata hawajaanza kutaga. Alikuwa amesikia kwamba kuku wakipata mwanga wanataga kwa wingi, na yeye mwanga ndiyo kazi yake, nani angemfundisha? Alifunga taa ile kwa mkono wa kushoto, waya ameuma kwa meno, bisibisi inamponyoka kila mara. Kazi ambayo zamani angeimaliza kabla chai haijapoa ilimchukua majuma. Siku balbu ilipowaka, Mzee Waya alicheka. Alicheka kwa sauti, mdomo umeenda upande, machozi yanamtoka. Mama Sare aliingia chooni akafunga mlango akalia mpaka akatosheka.

Tangu siku ile kiti kiligeuzwa. Kila jioni mzee alijikongoja kwa fimbo mpaka bandani kubonyeza swichi, akiwasemesha kuku njia nzima, na taa ikawaka mpaka kunakucha. Mayai yakaja mapema, tena makubwa, na Bosi ndiye aliyetangulia. Mgeni akifika hapo lazima ataonyeshwa yai. "Shika uone. Hilo ni la umeme." Mama Sare alikuwa ameusikia mzaha huo hadi umemkinai, na angeusikiliza hadi kaburini kama ndio unaomfanya mzee aongee.

Kwa hiyo Bosi hachinjwi. Bosi ni kuku wa taa.

Mtu mwenye ufundi wake, akibanwa, atakimbilia ufundi wake. Mama Sare alikaa mbele ya cherehani akawaza: kitu kinachoanguka kinashikiliwa. Mbona tumbo kubwa la mwalimu mkuu wa shule anayoishonea sare, yeye hulishikilia kila muhula kwa mpira na kitambaa? Akachukua vipande vya buluu vilivyobaki kwenye sketi za shule, akapima, akakata, akatia mpira mwembamba miguuni na kiunoni, akaacha tundu la mkia. Akamshonea kuku kaptula.

Ilikaa vizuri, haki ya Mungu. Mshono ulinyooka. Tatizo ni kwamba Bosi hakukubaliana nayo. Alianza kutembea kinyumenyume. Alirudi nyuma ua mzima, akagonga ndoo, akaanguka ubavu, akainuka, akaendelea kurudi nyuma mpaka kwenye miguu ya jirani aliyekuwa amekuja kuazima ungo.

Jirani alitazama chini. "Huyu anaanza darasa la ngapi?"

Hata Mzee Waya alicheka. Mama Sare hakucheka. Na alikuwa na haki ya kutocheka, kwa sababu jioni alipomvua kuku ile kaptula alikuta kinyesi kimejaa ndani na ile nyama imesuguliwa mpaka imechubuka, imekuwa mbaya kuliko asubuhi. Aliikatakata kaptula kwa mkasi. Aliona aibu. Alikuwa amemuumiza mnyama kwa mikono yake, na mikono ile ndiyo aliyoitegemea kwa kila kitu.

Kesho yake alikwenda kwenye duka la dawa za mifugo. Muuzaji pale anaitwa Daktari wa Kuku, ingawa si daktari na mwenyewe hukana, mtu mpole wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ni mchanga huyo kuku, mama?"

"Ndiyo kwanza ameanza."

"Mayai makubwa?"

"Makubwa kuliko yeye mwenyewe."

"Bandani kuna taa?"

"Ipo."

"Inawaka muda gani?"

"Usiku kucha."

Yule mtu akavua miwani. "Basi dawa sina ya kukuuzia, mama. Mwanga ndio unaomwambia mwili wa kuku atage. Huyo ameambiwa atage kabla mwili haujakomaa, na anaambiwa usiku na mchana, hapumziki. Zima taa. Mtenge, muweke kwenye giza, mpunguzie chakula kidogo mpaka aache kutaga, umsafishe kama unavyomsafisha. Mwili ukipumzika utajifunga. Ila taa ikiendelea, atarudia, na wenzake watamfuata."

"Hakuna hata dawa ya unga?"

"Ya unga ipo. Haitazima taa."

Alirudi nyumbani mikono mitupu. Njia nzima alikuwa anatunga maneno. Mzee, ile taa yako. Mzee, unajua ile taa. Kila alipofika kwenye neno taa alikiona kile kiti kikigeuka polepole kutazama ukuta, akaanza kutunga upya. Afadhali kuku wote wafe. Ndivyo alivyowaza, na alikuwa anawapenda kuku wake.

"Kasemaje?" Mzee Waya alikuwa anamsubiri barazani.

"Kasema... niongeze chumvi."

"Nilikwambia! Chumvi ilikuwa kidogo!"

"Ndiyo, mzee. Ulisema."

Akajifanya mjanja. Alichukua boksi kubwa, akalitandika matambara, akamweka Bosi ndani chini ya meza ya cherehani, na juu yake akatupia kitambaa kizito cha sare, giza likawa totoro. Mzee akiuliza, anaambiwa, "Nataka awe karibu yangu." Akampunguzia chakula. Akaendelea na maji ya chumvi na sukari. Na kweli, mayai yakakoma, uvimbe ukanywea, na nyama iliporudishwa ikakaa. Mama Sare alianza kuimba juu ya cherehani. Alidhani ameuponya ugonjwa na kuiponya taa kwa pamoja.

Alikwenda sokoni kununua vifungo. Aliporudi, boksi lilikuwa tupu.

"Nimemrudisha bandani," mzee alisema, uso umemchangamka. "Nimembeba mwenyewe kwa mkono huu. Mama Watoto, unamweka kuku gizani? Atapooza! Yule anataka mwanga."

Ungekuwa wewe ungesema nini? Mama Sare alijikaza kisabuni. Alisema, "Umembeba mwenyewe? Hongera, mzee." Akaingia ndani akaung'ata mto.

Basi ikawa vuta nikuvute. Yeye anamtoa, mzee anamrudisha. Bosi akaanza kutaga upya, na nyama ikatoka upya. Halafu kuku mwingine, yule mweupe mwoga, naye akaanza kuvuja damu. Sasa ni wawili kwenye beseni, mmoja anajikamua, mwingine anangoja zamu yake. Oda ya sketi ikachelewa. Mwalimu mkuu akatuma ujumbe wa kwanza, akatuma wa pili usio na salamu. Sukari ya nyumba ikawa inaishia kwenye makalio ya kuku, na siku mzee alipokunywa chai akakunja uso, "Mbona haina sukari?", Mama Sare alilipuka.

"Kamuulize Bosi! Mimi ni nani katika nyumba hii? Mimi ni mtumishi wa kuku! Naosha matako ya kuku tangu alfajiri, nafunga vifungo vya watu, nakoroga chai ya watu, na bado naulizwa sukari!"

Mzee Waya aliweka kikombe chini. Aliitazama mikono yake, mmoja juu ya mwingine, na Mama Sare akajuta palepale, akaenda akamkumbatia kichwa, akamfutia chai iliyomwagika kwenye shati. Mzee aliacha afutwe.

Yaliyobaki yalitokea siku alipopeleka sketi shuleni. Alirudi mchana, jasho linamtiririka, maneno ya mwalimu mkuu bado yanamchoma masikioni. Baraza tupu. Jikoni hakuna mtu. Akasikia kukohoa bandani.

Mzee Waya alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati ya kuku. Waya ulikuwa umeshushwa na kuviringishwa vizuri, umetundikwa kwenye msumari. Balbu ilikuwa mapajani pake.

"Daktari wa Kuku alipita," alisema. "Alikuja kuwajulia hali wagonjwa. Akaona taa. Akaniuliza, mzee, bado mnaiwasha?"

Mama Sare alishika wavu.

"Alikwambia au hakukwambia?"

"Aliniambia."

"Ukaja ukaniambia chumvi."

"Ndiyo."

"Chumvi, Mama Watoto! Nakaa hapa kila siku nakuhimiza uongeze chumvi, kumbe mimi ndiye ninayewatoa kuku matumbo! Na wewe unaona, unaosha, unanyamaza!"

"Ulitaka nifanye nini?" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka, kuku wakaruka. "Nikwambie nini? Umekaa ukutani miezi, husemi, hulii, hucheki, mimi naongea na mgongo wako! Halafu Mungu anakuinua kwa balbu moja. Balbu moja, mzee! Nije mimi nikwambie izime? Urudi ukutani nibaki na nani? Ndiyo, nilikuficha. Na kesho ningekuficha tena. Yamenifika hapa!" Akajipiga kooni kwa kiganja, na kilio kikamshinda.

Mzee Waya alimwacha alie. Hakuwa na haraka, na ulimi wake siku hizi haukuwa na haraka.

"Unadhani nilitazama ukuta kwa sababu ya mkono," alisema.

"Kwa sababu ya nini basi?"

"Nilikuwa nimekasirika. Nikitaka kikombe, kimeshafika mdomoni. Nikishika kifungo, umeshakifunga. Nikikohoa, umeshanipiga mgongo. Uliniuliza kama nataka chai, ukajijibu. Nikaona basi, ajibu na mengine yote." Akaigeuza balbu. "Hata hii. Nilikuwa naifunga, wewe uko nyuma yangu umenyoosha mikono miwili unangoja nianguke. Nilikuwa nakuona."

Mama Sare aliuachia wavu.

"Mimi ni fundi. Fundi anaambiwa, fundi, taa yako imekaa vibaya. Anatukana kidogo, anapanda, anaifungua. Nimefungua taa zangu mwenyewe nyumba ngapi mtaa huu? Wateja wote walinipa hiyo heshima, hata wale wagomvi, hata wale wasiolipa. Mtu aliyeninyima ni mke wangu."

Neno hilo lilimwingia. Angetamani mzee amtukane tu. Alitaka kujitetea, aseme juu ya bafu na vijiko na mashuka na usingizi aliokosa, na yote yangekuwa kweli, na hakuna hata moja ambalo lingejibu alichoambiwa. Alikuwa amechoka, bado ana hasira, na alikuwa amekosa, vyote kwa pamoja.

"Lete beseni," mzee alisema. "Na Bosi."

Akaleta. Maji vuguvugu, chumvi, sukari, mafuta. Alivuta kigoda akae yeye, kama kawaida, na mzee akatikisa kichwa. Alimchukua kuku mwenyewe, akamweka mapajani, akauinua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto na kuuweka juu ya mgongo wa Bosi. Mkono ule mzito usiofanya lolote ulilala pale kwa uzito wake wote. Bosi alipapatika kidogo, akaona haendi popote, akatulia.

Kwa mkono wa kushoto mzee alianza kuosha. Alikuwa mzito mno. Kitambaa kilimponyoka kikaingia kwenye maji, akakitafuta. Sukari nyingi ilimwagikia suruali. Alipaka mafuta kidole, akagusa, akasukuma upande usio sahihi, nyama ikateleza ikatoka yote. Akaanza upya.

"Si hivyo, mzee, elekeza..." Mama Sare alikuwa amekwisha inama, vidole vimekwisha nyooka.

Mzee hakuinua macho. "Unafanya nini?"

"Mikono inaniwasha."

"Ikalie."

Mama Sare alijinyoosha akasimama, kitambaa kikateleza tena, mume wake akatukana kwa sauti ya chini, tusi la zamani la juu ya dari. Mama Sare akakaa chini kwenye vumbi la banda, akaingiza mikono yote miwili chini ya mapaja, akaikalia.